Jina la Mama kwenye Pini

Kazi yangu ni nondo, na kabla hujauliza: wale wa kuruka, si zile za kutia kwenye zege. Natunza nondo wa nyanda za juu katika chumba cha nyuma cha makumbusho, chumba kinachonuka naftalini hadi kwenye chai.

Shemeji yangu naye ni mtu wa nondo. Eti. Tulisoma chuo kimoja, nikampita kila mtihani, halafu cheo akapewa yeye kwa sababu ana koti la mifuko mingi na ana mdomo. Mimi namwita Bwana Bawa, maana huko ndiko elimu yake inakoishia. Akiona bawa limekoza rangi, spishi mpya. Akiona limefifia, spishi mpya nyingine. Kule milimani kuna nondo ambao ukiwaweka pamoja hata mama yao mzazi atawachanganya: wote kahawia, wote wanene, wote wana nukta nyeupe bawani. Tena nondo akizeeka unga wa mabawa humtoka na nukta ikapotea, akawa kama shati lililofuliwa mno. Njia ya kuwatofautisha ni moja. Unamtoa tumbo, unalilowesha kwenye magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni, mpaka lilainike, unalipasua chini ya darubini na kutazama viungo vya uzazi. Kila spishi ina vyake, ubishi umekwisha. Si kazi ya kupigia picha, ndiyo maana Bwana Bawa haipendi.

Safari hii alijipatia dume asiye na nukta, akatangaza kwamba ni spishi mpya na ataipa jina la Mama. Mama yetu, mkwe wake, aliyetutoka mwanzoni mwa mwaka. Alimwahidi pale pale kwenye kitanda cha hospitali. Tangu hapo mdogo wangu, mkewe, hana habari nyingine. Majirani wanajua, muuza nyanya anajua. Jina la Mama litabaki duniani hata sisi tukiisha, ndivyo anavyosema, na ni hilo tu lililomfanya aache kulia. Ningesema nini? Nilinyamaza, nikamwomba Mungu yule mpumbavu awe amebahatisha walau mara moja maishani mwake.

Makala ya kuitangaza spishi hiyo ilihitaji sahihi ya mtaalamu wa pili, yaani mimi. Wakaja wote asubuhi, mdogo wangu na gauni jipya la kupigia picha, mumewe na kisanduku mkononi, kifua mbele. Ndani nondo kachomwa pini, na chini yake lebo nyekundu yenye jina la Mama.

"Tia sahihi tu, shemeji," akasema. "Nimeshaangalia kila kitu."

"Tumbo umelipasua?"

"Nondo wa pekee kama huyu unampasua vipi? Utamharibia urembo."

"Urembo! Umeniletea nondo au bibi harusi?"

"Dada," mdogo wangu akaniomba, "leo usimdhihaki. Hili ni jina la Mama."

"Ndiyo maana sitii sahihi nikiwa nimefumba macho."

Nikaligusa tumbo kwa kibano. Likabanduka lote, na pale lilipokuwa pakabaki tone la gundi. Gundi peke yake si ajabu. Matumbo ya nondo wakavu huanguka, na mtu mwenye adabu zake humrudishia nondo tumbo lake. Nikalitia kwenye magadi ya moto, nikasubiri. Bwana Bawa alizunguka chumbani akisoma maandishi ya makabati utadhani hajawahi kuyaona. Nikapasua, nikatazama. Nikafuta lenzi, nikatazama tena.

"Mdogo wangu, hebu njoo. Unaona nini?"

Akainama kwenye darubini. "Vishanga."

"Ni mayai. Sasa tazama kichwani. Hivi vipapasio vyenye manyoya kama kitana ni vya dume; vya jike ni vyembamba kama uzi. Haya niambie, dume gani huyu mwenye mimba?"

Nilicheka, siwezi kuficha. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Tumbo lake lilikuwa limeharibika," Bwana Bawa akasema. "Nikamwekea la mwingine, asionekane ana kasoro."

"Liliharibiwa na nani?"

Akapapasa mifuko ya koti lake.

"Ulilipasua wewe! Ukaangalia, ukakuta ni yule yule wa siku zote, kachakaa tu."

"Kuna tofauti ndogo ndogo, zinaweza kujadiliwa..."

"Jadili."

Nikamgeukia mdogo wangu nikijua sasa atanirukia mimi, kama kawaida yake: dada una wivu, dada una roho mbaya. Hakunitazama hata kidogo.

"Ulilipasua lini?" akamuuliza mumewe.

"Mke wangu, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Kabla ya kumwahidi Mama au baada?"

"Kabla."

"Mama alikuuliza kama una hakika." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Alikushika mkono akakuuliza tena, kwa sababu hakutaka kuwekwa mahali pasipo pake. Ukamwambia hakika mia kwa mia."

"Nilitaka afurahi!"

"Alifurahi. Mimi ndiye niliyebaki na uongo wako."

Hasira ilinipanda, lakini mdogo wangu hakunipa nafasi ya kusema. Alichomoa pini mwenyewe, taratibu kuliko mumewe alivyowahi kushika mdudu yeyote, akaitoa ile lebo nyekundu, akaitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Mpe jina lako," akamwambia. "Mbele dume, nyuma jike, katikati gundi. Litamfaa."

Mdogo wangu hajui kwamba katika kazi yetu anayempa mdudu jina lake mwenyewe huchekwa mpaka anastaafu. Bwana Bawa anajua.

Tulipofika mlangoni, mimi na mdogo wangu, niligeuka. Bwana Bawa alikuwa ameinama mezani, kibano mkononi, anajaribu kumrudishia nondo tumbo.