Kumsindikiza Kiama

Mjukuu wangu Ndeti aliporudi kutoka India, mwezi wa tano mwaka wa 2004, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba alishuka matuta ya shamba kinyumenyume. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua maharagwe. Alifika kwenye ukingo wa tuta, akageuka, akaupa mteremko mgongo, akashuka taratibu kama mtu aliye kwenye ngazi, mkono mmoja umeshika nyasi. Watoto wa jirani walidhani ni zoezi la wachezaji wa kulipwa. Kufikia jioni wote walikuwa wakishuka hivyo, wakianguka na kucheka.

Mimi sikucheka. Marehemu mume wangu, ambaye Ndeti alirithi jina lake, alishuka hivyo miaka yake minne ya mwisho. Goti bovu hukubali kupanda. Kushuka ndiko linakokataa.

Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamkanda.

"Ni hili la kulia?"

"Ni hilo, Susu."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nikigongwa hapo tena, mpira kwaheri, mkongojo karibu." Alijaribu kucheka. "Lakini kwa tambarare niko sawa. Nakimbia vizuri. Ni mteremko tu. Usimwambie mtu, Susu. Hata mama."

"Sitamwambia mtu," nikasema.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alitaka msimu mmoja zaidi. Nilimwuliza huo mmoja utampa nini ambacho hiyo mingine haikumpa. Akaniambia kwamba mtu hawezi kuacha kazi akiwa amelala kwenye machela. Alitaka atoke uwanjani akitembea.

Baba yake alikuwa Kalasinga, fundi wa malori mjini Machakos. Alimpenda binti yangu Kavata, naamini hivyo, lakini kwao hawakukubali, na kabla mtoto hajaota meno familia yote ilihamia Uingereza. Siku moja kabla hawajaondoka, mama wa yule kijana alipanda hadi kwangu kwa miguu, peke yake, amebeba samli kwenye mkebe. Hatukuwa na maneno mengi tuliyoelewana. Alimpakata mtoto, akamnusa kichwa, akasema, "Mzuri. Mzuri sana." Akalia, kisha akashuka. Watu wa hapa huisema vibaya familia ile. Mimi huwaambia kwamba mama mmoja wa familia hiyo aliupanda mlima huu juani.

Ndeti alianza mpira kwenye uwanja wa shule hapa Kola, halafu akaingia timu ya mjini. Mashabiki walimpigia kelele, "Kalasinga! Umesahau kilemba!" na "Rudi gereji ukafunge nati!" Akifunga bao wananyamaza, halafu wale wale wanaliimba jina lake. Wacera, mama Mkikuyu aliyeuza viazi nyuma ya uwanja, alimwekea maji ya kunywa kila Jumamosi, ashinde ashindwe. Mwaka wa 1993 Ndeti alichukuliwa na timu ya kiwanda Athi River, mahali ambapo mama yake alifanya kazi, kisha akaenda Nairobi. Timu ya taifa ilimwita mara moja. Alicheza dakika kumi na nane, na gazeti likaandika jina lake vibaya.

Halafu India, miaka sita. Nilifikiri huko atakuwa kama yuko kwao. "Susu," aliniambia kwa simu, "hapa kila timu inaruhusiwa wageni watatu. Mimi ni mgeni wa tatu." Walimwita Mwafrika. Mzee mmoja aliyefua jezi za timu ndiye pekee aliyewahi kumwuliza jina la baba yake, na tangu siku hiyo alimtunzia taulo kavu. Ndeti alinisimulia habari za taulo hiyo zaidi ya alivyonisimulia habari za mabao.

Nyumba yangu iko juu na barabara iko chini, na gari haliwezi kupanda. Kwetu mgeni haondoki peke yake. Yule aliyetembelewa humsindikiza mpaka barabarani, wakiongea yale ambayo hawakuyamaliza ndani. Na Ndeti alikuwa na wageni wengi: makocha, walimu wake wa zamani, vijana wa kanisa, mtu wa bima. Kila mmoja alipoaga, nilisimama kabla ya Ndeti.

"Kaa," nilimwambia, "acha mimi nimtoe mgeni, ninyooshe miguu."

Nilikuwa na miaka sabini na sita. Nilishuka na kupanda miezi mitatu, siku nyingine mara mbili. Watu walianza kusema. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia usoni, "Ndeti, umerudi na maringo. Unatuma nyanya yako kama mfanyakazi?"

Ndeti alitazama sakafu. "Pole, mzee," akasema. Aliona heri aonekane mtu mbaya kuliko aonekane mtu mgonjwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane akaja Kiama. Kazi yake ilikuwa kupeleka wachezaji Oman. Alikuwa mtu mnene mwenye simu mbili na viatu vya mjini, na nilikuwa nimejitayarisha kumchukia. Lakini mlangoni alivua viatu bila kuambiwa, na muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, aliomba tena.

"Shosho," aliniambia, "barua ya daktari siku hizi hata mimi naweza kujiandikia. Ndiyo maana huja kumwona mtu kwao."

Ndeti alikuwa amejipanga. Uwanja wangu ni tambarare, nao aliufagia mwenyewe asubuhi. Alipiga danadana mpaka Kiama akachoka kuhesabu. Alikimbia kutoka ghalani hadi kwenye ua, akageuka, akarudi.

"Aisee!" Kiama akapiga makofi. "Kalasinga wa Ukambani, huo mguu bado uko!"

"Uko tu," Ndeti akasema.

Kiama akatoa karatasi kwenye bahasha. "Soma polepole, weka sahihi, uniletee Nairobi Jumatatu. Ndege ni tarehe kumi."

Walikaa kunywa chai. Mimi nilikaa upande wa Ndeti, kwa hiyo niliona kile ambacho Kiama hakukiona. Chini ya meza mkono wake wa kulia ulikuwa umelikamata goti, vidole vimekaza, nalo lilikuwa limevimba kwa mbio zile chache. Huku juu alikuwa akicheka. Nilifikiria Oman. Nikafikiria mtu mwenye nguvu akija na njumu zake kwenye goti hilo, na Ndeti amelala kwenye nyasi za watu, mgeni wa tatu tena, au wa nne. Nikamfikiria mume wangu, ambaye mwishoni nilimbeba mgongoni kwenda chooni.

Nilikuwa nimeahidi kutosema. Sikuwa nimeahidi kuinuka.

"Haya, Shosho, asante kwa chakula," Kiama akasema, akisimama. "Wacha nikimbie, njia ni mbaya."

Nilishika kikombe changu. Ndeti alinitazama. Nilitazama chai.

"Susu," akasema polepole, "leo hunyooshi miguu?"

"Leo nitakaa."

"Susu."

"Nitakaa, mwanangu."

Kiama hakuelewa. "Mwache shosho apumzike, bwana! Twende sisi vijana."

Ndeti alisimama. Alichukua zile karatasi mezani, sijui kwa nini, akamfuata. Mlangoni pangu mtu huona tuta la kwanza na la pili vizuri. Kiama alitangulia, akiteremka na kuongea na simu. Ndeti alifika ukingoni akasimama. Alitoa mguu mmoja mbele, akaurudisha. Alisimama kitambo kirefu. Kisha akageuka, uso wake ukatazama nyumbani, ukanitazama mimi, na akaanza kushuka.

Kiama aligeuka kumwambia neno, akamwona. Aliacha kuongea. Alitia simu zote mbili mfukoni, akapanda hatua tatu, akasimama upande wa kulia, upande wa goti lile, akampa bega. Hakuna aliyemwonyesha ni upande gani. Walishuka hivyo, mmoja akitazama chini na mmoja akitazama juu, mpaka mikaratusi ikawaficha.

Nilibaki na vyombo mezani.

Ndeti alirudi baada ya saa nzima. Alikaa kwenye kiti kile kile, mikono mitupu.

"Amechukua karatasi?" nikamwuliza.

"Hakuniomba. Nimempa mwenyewe."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu. Ameniuliza hao mbuzi ni wa nani. Ameniuliza mvua ya mwaka jana. Tumefika kwenye gari akaniambia hata yeye alicheza, namba tano, na goti lake ni la kushoto." Alinigeukia. "Ungeinuka tu, Susu. Leo tu."

"Najua."

"Miezi mitatu umeinuka kwa kila mtu. Hata mtu wa bima!"

"Najua, mwanangu."

Aliutazama mguu wangu uliovimba kwenye kifundo, kama ulivyovimba kila jioni tangu mwezi wa tano. "Ulikuwa umechoka," akasema. "Sivyo? Umechoka tu."

Alikuwa ananipa njia. Ningesema ndiyo, na tungekula chakula cha jioni kwa amani.

"Nimechoka," nikasema. "Lakini si kwa sababu hiyo nilikaa."

Alitikisa kichwa, akaingia chumbani, akalala na viatu. Siku iliyofuata hakunisemesha, wala keshoye. Alikula chakula changu, akaosha sahani yake, akateka maji bila kutumwa, lakini neno halikutoka.

Siku ya tatu alimpigia mama yake simu. Alisimama karibu na tangi la maji, mahali pekee penye mtandao, nami nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi.

"Mama, nimeacha mpira," akasema. "La, sikufukuzwa. Ni goti. Ndiyo, la kulia. Niliona siwezi." Akasikiliza kwa muda. "Nani aniambie? Hakuna mtu. Nimeamua mimi."

Akarudia tena, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

"Nimeamua mimi, mama."