Saa Mia Moja na Ishirini

Gauni la kutokea la mama halikupigwa pasi. Umeme ulikuwa umekwisha tangu juzi, kwa hiyo alilikunja vizuri akaliweka chini ya godoro, wakalala juu yake, yeye na binti yake, na alfajiri likatoka limenyooka utadhani limetoka kwa dobi.

"Unaona?" mama alisema akilikung'uta. "Pasi ya maskini ni mgongo wake."

Binti alicheka, mswaki mdomoni, ameinama juu ya karai. Walikuwa na furaha asubuhi ile, tusidanganyane. Mama alikuwa anakwenda kusaini mkataba mpya. Wafanya usafi wa hospitali walisainishwa kila baada ya miezi mitatu, na kwa miaka kumi na mmoja yeye hajawahi kuachwa hata mara moja. Binti naye alikuwa anamaliza saa zake za kujitolea hospitali hiyo hiyo, yeye na wanafunzi wenzake. Chuo kilidai saa mia moja na ishirini za kuitumikia jamii, na bila fomu ya saa hizo, yenye saini na mhuri, jina lako halipandi kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Alikuwa amebakiza saa sita. Fomu ilitakiwa iwe imefika chuoni leo kabla ya saa tisa na nusu, na mwaka uliopita watu walioifikisha kesho yake walirudia mwaka.

Nauli ilikuwa imepanda tena wiki ile, wakaenda kwa miguu. Mama alitembea na ndara, viatu vya kusainia mkataba kavibeba kwenye mfuko.

Getini walikuta wenzake sita wanasubiri, nao wamevaa nguo zao nzuri.

"Mama Profesa, leo umependeza. Unaolewa?" mmoja aliuliza.

"Naolewa na mkataba," mama alijibu. "Bwana wa miezi mitatu, lakini haji amelewa."

Wakacheka wote. Jina hilo la Profesa walimtungia binti siku alipopata nafasi chuoni, na mama akawa Mama Profesa tangu hapo, hata madaktari wakamzoea hivyo. Alilipenda jina lile kuliko alilopewa na wazazi wake.

Sasa, hao wanafunzi walifikaje hospitalini? Hapa lazima ukweli usemwe. Ni mama aliyewaleta. Profesa alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta mahali pa kujitolea. Shuleni wameshajaa, kwenye nyumba ya wazee wanataka barua, na barua nayo inataka barua nyingine. Utashangaa, lakini siku hizi hata kufanya kazi ya bure kunataka kujuana na mtu. Mama akasema, "Unahangaika nini? Hospitali yetu haina sakafu?" Akaenda mwenyewe kwa katibu wa hospitali, akasimama mlangoni mpaka akasikilizwa. Katibu akakubali. Hakukubali mmoja tu, alikubali darasa zima, watu arobaini, waje kwa zamu.

Na ni mama aliyewafundisha. Watoto wa watu walikuja na fulana nyeupe zimeandikwa mgongoni *Kutoa ni moyo*, wakalowesha dekio wakaanza kulizungusha katikati ya wodi. Mama akawasimamisha. "Msomi, hapo hudeki, unapaka." Akawaonyesha ndoo mbili, moja ya kuoshea, moja ya kusuuzia. Vifuniko viwili vya dawa kwa kila ndoo, visizidi, vitawachoma wagonjwa macho. Unaanza pembeni kabisa, uvunguni kwanza, unarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mwezi haukuisha wakawa wanadeki kama waliozaliwa na ndoo. Mkaguzi alipokuja aliinama akapitisha kidole sakafuni, akakitazama, akasema hajapata kuona. Mama alitembea na sifa ile wiki nzima. Hakujua kwamba alikuwa anajipalia makaa.

Saa nne wale wanawake saba waliitwa ofisini kwa katibu. Profesa alikuwa wodi ya wanaume, uvunguni mwa kitanda cha nne, kwa mzee mmoja aliyezoea kuhesabu mara zake za kukohoa na kumwambia daktari. Saa nne na robo mama akaingia. Amevaa ndara zake. Vile viatu vimerudi mfukoni.

"Umesaini?" Profesa aliuliza.

"Wametushukuru."

"Wamewashukuru vipi?"

"Katibu alisimama kabisa. Akatushika mkono mmoja mmoja. Akasema hospitali haitausahau utumishi wetu." Mama aliuhamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda huu. "Mkataba hakuna, mwanangu. Mishahara yetu imefutwa kwenye bajeti. Sasa wana wanafunzi."

"Wanafunzi gani?"

Lilikuwa swali la kijinga, na alilijua kabla hajamaliza kulitamka. Mama aliitazama ile fulana yake, kisha akalitazama dekio. Profesa alihisi aibu, aibu yenyewe hasa, ya mtu aliyekutwa na mali ya mwenziwe mkononi.

Akaliegemeza dekio ukutani. "Basi mimi siendelei. Wadeki wenyewe."

"Umebakiza saa ngapi?"

"Tatu."

"Shika dekio."

"Mama, nitashikaje..."

"Nimesema shika. Nimekosa mimi, na wewe ukose? Nyumba moja, siku moja?" Sauti yake haikupanda, maana ile ilikuwa wodi na wagonjwa walikuwa wamelala. "Miaka kumi na mmoja nimeinama hapa ili wewe usiiname. Leo uniangushe kwa saa tatu?"

Profesa hakulishika. Alitoka mbio, akapanda ngazi mpaka kwa katibu.

Katibu wa hospitali hakuonekana mtu mbaya. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja, na feni yake ilikuwa mbovu kama feni zote za jengo lile. Alimkaribisha kiti.

"Najua umekuja kwa ajili ya nani," alisema. "Nakupa pole. Mama yako ni mchapakazi, nami namheshimu."

"Basi mrudishe, mzee."

"Nimrudishe kwa fungu lipi? Wizara imetukata. Nimeambiwa nichague, ninunue glavu au nilipe wafagizi. Na chuo chenu kimeniandikia, barua hii hapa, kila muhula wataleta arobaini. Kila muhula, binti. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningewalipa watu waliofanya kazi."

"Kwa nini?" Aliuliza kwa upole, kama mwalimu anayetaka jibu. "Kwa kazi ambayo inafanyika bure, tena vizuri? Na wazo lenyewe alinipa mama yako. Alisimama hapo hapo mlangoni."

"Tukigoma je? Tukiacha kuja?"

Katibu alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Saa hizi ni sharti la mtihani. Nani ataacha? Wewe mwenyewe utaacha? Fomu yako saa saba ntaisaini mimi. Niambie tu, niisaini ama nisiisaini."

Profesa alikuwa amekwenda na maneno mengi, hata salamu akaisahau. Akasimama, akasema, "Shikamoo," neno la kuingilia, akatoka nalo.

Kwenye ngazi alitoa simu, akaandika kwenye kundi la darasa. Aliandika yote: wanawake saba, mkataba, barua ya chuo. Akamalizia, *Tusije kesho. Hata mmoja asije.* Akasubiri. Majibu yalianza kuingia.

*Dah, pole sana.*

*Mungu ampe nguvu mama.*

*Mimi nimebakiza kumi na mbili, jamani, sijui itakuwaje.*

*Tumchangie mama yetu kitu kidogo. Kiongozi wa darasa, fungua orodha.*

*Zamu ya kesho ni nani na nani? Mimi nabadilishana na mtu.*

Alisoma mpaka mwisho, kisha akaizima simu. Hakuwalaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Na wao walikuwa na mama zao.

Aliporudi wodini maji ya ndoo yalikuwa yamepoa na kuingia weusi. Akayabadilisha. Akaweka vifuniko viwili vya dawa, akaanza pembeni. Alideki huku analia, bila sauti, pua inatiririka, na kila alipojipangusa kwa kiganja dawa ilimwingia machoni akalia zaidi. Mzee wa kitanda cha nne alimtazama.

"Mama yako yuko wapi?" aliuliza. "Nimemsikia hapa."

"Ametoka, babu."

"Muite. Najisikia vibaya."

Kabla hajamaliza, alitapika, shukani na sakafuni, akaanza kuita mwenyewe, "Mama Profesa! Mama Profesa!" Na mama, aliyekuwa bado nje ya wodi amekaa kwenye benchi, aliinuka alivyozoea kuinuka, akaingia anakunja mikono ya gauni lake zuri. Alifika katikati ya wodi. Mlinzi akamkuta hapo.

"Mama, samahani," mlinzi alisema. Walikuwa wakinywa chai pamoja miaka yote. "Nimepewa agizo. Waliomaliza mkataba hawaruhusiwi wodini. Na beji naomba unipatie, wataniuliza mimi."

"Mzee wa watu ametapika."

"Naona, mama. Huyo binti atafanya."

Mama alisimama pale ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine. Aliifungua beji shingoni, ikanasa kwenye nywele, mlinzi akamsaidia kuinasua. Akamwambia binti yake, "Maji ya uvuguvugu kwanza, kisha dawa. Na umgeuze kwa ubavu," akatoka.

Profesa alimgeuza babu kwa ubavu. Akatoa shuka, akafuta, akadeki, akasuuza. Ilipofika saa saba alikuwa amefanya wodi mbili peke yake, maana wenzake wa zamu ile walikuwa chini kwenye veranda wanapigwa picha za ripoti ya chuo.

Katibu alisaini, akapiga mhuri, akajaza na sehemu ya maoni kwa mwandiko mzuri: *Mwanafunzi bora kabisa. Tunaomba mtuletee wengine.*

Mama hakuwa kwenye benchi tena. Mwenzake mmoja alisema ameondoka na wale wengine, wamekwenda kuulizia kwenye nyumba za matajiri huko mlimani kama kuna kufua.

Kutoka hospitali mpaka chuoni ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa mtu asiye na nauli. Profesa alikwenda nusu mbio. Alifika dirishani saa tisa na dakika kumi, jasho linamchuruzika, fomu ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Karani alikuwa anakula karanga juu ya rejesta. Aliipokea fomu, akaangalia saini, akaangalia mhuri kwa kuuinamisha kwenye mwanga, akaigeuza.

"Nyuma hujajaza."

"Nyuma kuna nini?"

"*Eleza jinsi ulivyoinufaisha jamii.* Mistari mitatu. Harakisha, nafunga."

Akamsukumia kalamu iliyofungwa kwa kamba. Kamba ilikuwa fupi, ikabidi ainame. Profesa aliitazama ile mistari. Angeweza kuandika kama walivyoandika wengine, kuhusu usafi na moyo wa kujituma, na angemaliza kwa dakika moja. Mkono ukakataa. Akaandika:

*Nimedeki wodi za hospitali saa mia moja na ishirini bila kulipwa.*

*Kwa hiyo wanawake saba waliokuwa wakilipwa kudeki wameachishwa leo, na mmoja ni mama yangu.*

Akairudisha. Alikuwa tayari kwa lolote, kuulizwa, kufokewa, kuitwa kwa mkuu wa chuo. Karani alipitisha kidole kwenye karatasi.

"Imeandikwa mistari mitatu. Hapa una miwili."

"Umeisoma?"

"Dada, kuna foleni nyuma yako. Ongeza mmoja."

Akainama tena. Alifikiri, na kilichokuja kilikuwa kimoja tu.

*Yeye ndiye aliyetufundisha.*

Karani alihesabu: mmoja, miwili, mitatu. Akapiga mhuri, akaitupa fomu kwenye boksi la zamani la sabuni lililojaa fomu nyingine mpaka juu.

"Hizi nani anazisoma?" Profesa aliuliza.

"Zinahesabiwa," karani alisema. "Kisha zinakwenda stoo. Jina lako lipo, kasome mtihani. Anayefuata."

Alisogea pembeni, akawasha simu. Haikupita dakika ikaita. Ilikuwa namba ya mmoja wa wale wanawake wenzake mama, na ndani yake sauti ya mama, anapumua kama mtu anayepanda mlima.

"Wameipokea?"

"Wameipokea, mama."

Mama alipiga kigelegele. Kimoja, kifupi, barabarani huko alikokuwa, na Profesa akasikia mtu anamuuliza kuna nini, naye anajibu kwamba binti yake anamaliza chuo. Kisha sauti ikarudi karibu na simu, ikashuka.

"Eti, mwanangu. Hapo chuoni pakubwa hivyo. Hawaajiri watu wa usafi?"

"Ngoja niulize, mama."

Akageuka. Karani alikuwa ameshafunga dirisha.