Profesa na Silinda ya Chini

Shemeji yangu aliitwa Profesa kwa sababu tangu amuoe dada yangu hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Ukimuuliza habari za jino, anajua. Paa likivuja, analijua kuliko aliyeliezeka. Kwa hiyo siku ambayo mkaguzi wa boti alitarajiwa kuja saa tisa alasiri, Profesa alikuwa gatini tangu asubuhi, mikono nyuma, akiitazama mashine ya boti yangu kwa huruma.

Mashine ile ya silinda mbili niliachiwa na baba. Kwa mwendo wa kasi haina neno. Ukiipunguza ingurume taratibu ili abiria wapande, inakohoa, inatetemeka, inazima. Na mkaguzi alitaka hilo hilo: dakika kumi gatini bila kuzima, la sivyo sipati kibali cha kuvusha wanafunzi. Bila kibali, boti ingebaki ya kuanikia nguo. Nilikuwa na hofu, sifichi.

"Tatizo ni umri, shemeji," alisema Profesa. "Lakini mimi naielewa."

Nikaiwasha. Akaweka sikio kwenye kifuniko, akafumba macho. Kisha akachukua bisibisi, akaikaza skrubu ya mwendo mpaka mashine ikaanza kunguruma kwa hasira. Haikuzima, ni kweli.

"Umeona?"

"Hebu tia gia."

Akatia. Boti ikaruka, kamba ikakatika, na Profesa akakaa kitako ndani ya ndoo ya maji. Nilizima mashine kwanza, halafu nikamchomoa kwa mikono miwili. Alisema kamba ndiyo mbovu. Akaenda kubadili suruali na kula, na akishakula hulala.

Nikabaki na amani yangu. Nikairudisha skrubu mahali pake, nikawasha, na kwa koleo lenye mpini wa plastiki nikachomoa waya wa plagi ya silinda ya juu. Mashine ikazima papo hapo. Nikaurudisha, nikawasha tena, nikachomoa wa chini. Hakuna kilichobadilika. Silinda ya chini ilikuwa imekaa tu, inabebwa na mwenzake. Familia yetu ina watu wa namna hiyo.

Plagi yake ilitoa cheche safi, ila ilikuwa kavu. Moto upo, petroli haifiki. Nikafungua kabureta ya chini. Kile kijitundu kinachopitisha petroli mashine inapokwenda polepole kilikuwa kimezibwa na utando wa kahawia, mabaki ya petroli iliyolala humo msimu mzima. Nilikizibua kwa unywele mmoja wa brashi ya waya, nikavunja ukucha, nikafunga kila kitu. Saa nane na nusu mashine ilikuwa inanguruma taratibu, na mimi machozi yalinilengalenga.

Mkaguzi, mama mwenye miwani asiyepoteza maneno, alifika pamoja na Profesa aliyekuwa amepiga pasi suruali nyingine. Dakika kumi zikapita. Mashine haikukohoa hata mara moja.

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi, mama," alisema Profesa, kifua mbele. "Hapa hakuna mwingine anayeijua. Huyu shemeji yangu anashika usukani tu."

Damu ilinichemka. Nilishafungua mdomo nimvue nguo mbele ya mgeni, lakini mkaguzi akawahi kumpa kalamu.

"Vizuri. Andika jina na namba ya kitambulisho. Mashine kuukuu kama hii lazima fundi wake aikague na kuiwasha mwenyewe, kila siku ya shule, saa kumi na moja alfajiri. Siku usipofika, boti itakwenda, ila wewe utakuja kunieleza ofisini."

Nikafunga mdomo. Dada yangu humwamsha mumewe saa tatu, tena kwa kumvuta shuka.

Profesa alinitazama. Nikatazama maji. Akatia sahihi polepole, na mkaguzi akanikabidhi kibali changu, akaenda zake.

"Shemeji," alinong'ona, "mkimbilie umwambie ni wewe."

"Mimi nashika usukani tu."

Akaiinamia mashine mara mbili, mikono imeshaacha kukaa nyuma. Akagusa kifuniko kwa kidole kimoja.

"Shemeji, mimi sijui hata kuiwasha."

"Sijasikia vizuri," nikamwambia. "Hebu rudia."