Alama Mbili za Mshangao

"Programu yenu imezeeka. Kikizeeka kitu, kinakufa. Kuna la kushangaza hapo?"

Hivyo ndivyo Mhandisi alivyomjibu mama mdogo Jumatatu, mbele za watu, huku akichezea simu. Anataka kila mtu amwite Mhandisi, hata chooni. Mimi ananiita Mwaka wa Tatu, kwa sababu ndipo chuo kiliponiishia.

Mama mdogo ndiye mkuu wa stoo ya dawa za baridi: chumba kimoja, majokofu kumi na mawili, chanjo na insulini. Miaka kumi na minne iliyopita aliandika programu ya kuyachunga, akaiita Mlinzi. Mlinzi anapokea joto la kila jokofu kwa waifai, na likipanda anapiga kelele. Hajawahi kuugua hata mafua. Jumatatu hiyo asubuhi Mhandisi akaweka draiva mpya ya waifai aliyoiandika mwenyewe, yaani kile kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa chake cha mtandao. Kuanzia hapo, Mlinzi ukimwasha anadondoka. Unamwasha tena, anadondoka tena.

Meneja akakata shauri. Kikao Ijumaa saa nne. Kama Mlinzi hajasimama, anatolewa, na mama mdogo anahamishiwa kwenye mafaili akasubiri kustaafu. Mpaka siku hiyo akae na majokofu yake, asome vipimajoto kwa macho kila nusu saa, aandike kwenye daftari.

"Mama mdogo, nitakusaidia," nikamwambia mlangoni. Alikuwa amevaa makoti mawili.

"Wewe? Chuo tu kilikushinda. Funga mlango, joto linaingia."

Hayo ndiyo mapenzi yake.

Kati ya draiva ya zamani na hii mpya kulikuwa na mabadiliko sitini na manne. Dawa yake ni kuyakata katikati: unaweka nusu, unajaribu, likiwemo tatizo, unakata tena. Tatizo ni kwamba kwenye meza yangu Mlinzi hakudondoka kabisa, hata na draiva mpya yote. Kasimama kama askari wa getini.

"Si unaona?" Mhandisi akacheka. "Draiva haina kosa. Kosa ni la aliyeandika hilo dude."

"Ulishaijaribu na programu za zamani?"

"Mimi natengeneza ya mbele. Ya nyuma ni yenu, watu wa nyuma."

Alhamisi nikabeba laptop mpaka stoo. Mlinzi akadondoka pale pale. Nikatoka nje ya mlango: kasimama. Nikarudi ndani: chali.

"Huo mlango siyo bembea," mama mdogo akasema bila kuinua macho kwenye daftari.

Nikamtengeneza Mlinzi aonyeshe kila anachosoma kabla hajakata roho. Akaonyesha jina la mtandao wa stoo, na nyuma yake takataka isiyosomeka. Jina lenyewe ni hili:

MHANDISI ANANUKA SOKSI ZA JUZI!!

Jina hilo niliweka mimi.

Mitandao nasimamia mimi. Meza yangu, mpaka nje ya mlango wa stoo, iko kwenye mtandao mwingine, unaitwa OFISI tu. Huu wa stoo niliubatiza Jumatatu ile ile, kumkaribisha Mhandisi na draiva yake. Meneja akaapa kwamba mwenye mkono huo akijulikana, anafungasha siku hiyo hiyo. Akaniagiza nilifute, nikamwambia kifaa kinagoma. Utani mzuri nao unahitaji muda. Jina la mtandao lina nafasi thelathini na mbili tu. Langu lilifika thelathini, nikajazia alama mbili za mshangao. Mimi kuacha nafasi wazi siwezi.

Nikaanza kukata upya, safari hii ndani ya stoo, meno yakigongana. Mara ya sita nikalifikia badiliko lenyewe. Draiva ya zamani ikishataja jina, mwishoni inaweka sifuri, kama kusema "nimemaliza". Mlinzi anasoma mpaka aione. Mhandisi alikuwa ameufuta mstari huo, pembeni kaandika: "mstari usio na kazi". Jina fupi halina shida, nafasi zinazobaki ni sifuri tupu. Jina likijaa, Mlinzi hana pa kuishia. Anaendelea kusoma mpaka anaingia mahali pasipo pake, na kompyuta inamuua.

Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nilikuwa na mpango. Nilifuta alama moja ya mshangao, Mlinzi akasimama, nikaenda kikaoni napiga mluzi.

"Siku nne kalala, leo kaamka?" Mhandisi akasema. "Mchunga chanjo haendi kwa mudi. Atolewe."

Meneja akatikisa kichwa kukubali. Mama mdogo akaanza kufunga vifungo vya koti. Ikabidi nieleze yote: ule mstari, sifuri, herufi thelathini na mbili.

"Basi ni jina, siyo draiva," Mhandisi akadakia. "Hata na draiva ya zamani angekufa. Nani alishawahi kumpa jina refu hivyo? Hakuna!"

Yupo. Na Mlinzi huandika jina la mtandao kila saa kwenye kumbukumbu zake. Nikamwangalia mama mdogo, nikafungua mwezi wa tatu wa mwaka jana. Siku tatu mfululizo, saa baada ya saa, draiva ya zamani, Mlinzi mzima wa afya:

MENEJA AMELALA TENA USIMGONGEE!!

"Hesabuni," nikasema.

Meneja hakuhesabu. Aliziangalia zile alama mbili za mwisho.

"Ulijuaje pa kutafuta?"

"Niliandika mimi. Majina yote mawili."

Meneja akasema polepole, "Mhandisi, mstari wako urudi kabla ya saa sita. Mama, stoo ni yako. Na wewe..." Hakumalizia. Alikuwa anatafuta kalamu.

Mama mdogo akanikamata koridoni.

"Siku nne nagandishwa kwa sababu ya soksi za mwanaume!"

"Si nimekuokoa?"

"Umenitumbukiza, ukaniopoa, sasa unataka nikupigie makofi?" Akavua koti la juu, akanirushia, na daftari juu yake. "Kila nusu saa, mpaka mstari urudi. Barua ya kufukuzwa ikikukuta, ikukute unafanya kazi."

Mhandisi akaja, hakusalimia mtu, akaandika dakika moja. Ili kujaribu, ilibidi jina la mtandao lirudi lote, nafasi zote thelathini na mbili. Nililiandika mimi, herufi kwa herufi, yeye nyuma yangu anapumua. Na chumba ni kidogo. Jina halikuwa la uongo.

Mlinzi akasimama.

"Kasimama," nikasema.

"Nina macho," akajibu, akaondoka.

Mama mdogo akachukua daftari, akapitia mistari yangu kwa kidole. Wa mwisho ulisomeka: saa tano na nusu, nyuzi nne!!

Akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akazikata zile alama, moja, halafu ya pili.

"Hizi nenda nazo," akasema.