Chupa ya Rangi ya Kucha

Suraya alikuwa amechuchumaa kando ya gari la marehemu baba yake, akilainisha mikwaruzo kwa msasa na maji ya sabuni. Ile ya nyuma aliijua: ni miiba ya matunda ya doriani, kila msimu baba alipopakia vikapu kwenda sokoni Balik Pulau. Lakini ule mmoja mrefu mlangoni, uliozibwa kwa wekundu uliozidi kung'aa, ulimshangaza.

"Mama, hii rangi gani?"

"Ya kucha," alijibu mama yake, Bi Halijah, kutoka kibarazani.

Suraya akacheka. "Katika nyumba hii ya watu wa udhu, nani alipaka kucha?"

"Ndivyo nilivyojiuliza na mimi! Niliikuta chupa mfukoni mwa baba yako. Nikajua basi, ana kimwana huko sokoni. Nikachukua ufunguo, nikalichora gari lake toka kioo mpaka kitasa."

"Mama wewe!"

"Wivu hauna adabu, mwanangu. Kumbe maskini aliinunua azibe makovu ya doriani, maana gereji hawakuwa na nyekundu ile."

"Alipoona akasemaje?"



"Hakugomba. Alinipa chupa na kiburashi chake, akaniambia, 'Huu mkwaruzo ni wako, upake mwenyewe.' Akachuchumaa hapo hapo ulipo wewe, ananitazama, anacheka mpaka machozi yanamtoka."

Kisha akapandisha sauti.

"Sasa toa huo msasa wako hapo!"