Mwandishi Bora na Mwiko wa Shule

Naomba taifa lisimame kwa heshima. Usiku wa jana niliota natunukiwa nishani ya mwandishi bora wa habari za uchunguzi kwa mwaka wa arobaini mfululizo, ingawa nina miaka kumi na sita. Mgeni rasmi alikuwa kabati la bweni. Lilisoma wasifu wangu bila kutabasamu: "Ndugu Ambakisye, mhariri, mpiga picha na msambazaji wa gazeti la ukutani la kidato cha tatu, lenye nakala moja."

Habari iliyonipa nishani ilikuwa hii: MPISHI AUZA MWIKO WA SHULE. Mwiko wetu wa ugali, mrefu kama mimi, ulitoweka Jumanne. Tangu siku hiyo shule nzima inakunywa uji asubuhi, mchana na jioni. Mkuu wa shule aliisoma habari yangu mara mbili, akatangaza kwamba Ijumaa, mstarini, Mama Sekela ataachishwa kazi ya upishi.

Nageuka nishuke jukwaani, jukwaa limeshakuwa chumba cha habari. Mhariri mkuu ni kalamu nyekundu iliyovaa tai.

"Shikamoo, mhariri."

"Marahaba. Habari hii umeitoa wapi?"

"Mtoa habari hulindwa," nikasema kwa unyenyekevu.

"Unamlindia wapi?"

"Chini ya godoro."

Kalamu ikayaandika maneno hayo kiganjani mwangu, nisije nikayasahau. Kisha ikanikabidhi jembe.

"Mwandishi wa uchunguzi huchimba. Chimba."

Nachimba. Sakafu ni laini kama uji wa siku tatu. Natokea jikoni, ambako sufuria kubwa limejishika kiuno linanisubiri.

"Ulisikiliza pande zote mbili?" linauliza.

"Niliusikiliza wangu."

Sufuria likajigeuza. Upande wa pili, ule wenye masizi, Mama Sekela alikuwa amekaa anakunja aproni zake mbili na kuzitia kwenye mfuko wa salfeti.

"Mwanangu, ulishindwa kuja kuniuliza? Toka ubaoni kwenu hadi jikoni ni hatua thelathini."

"Muda ulinibana, mama. Gazeti lilikuwa linakwenda mitamboni."

"Mitambo ipi? Gazeti lako unalibandika kwa uji wangu."

Nikamjulisha kwamba kwa sasa sina la kuongeza.

"Miaka kumi na tisa nawapikia," akasema, akiendelea kukunja. "Leo natoka getini naitwa mwizi."

"Wewe chimba," sufuria likaniamuru. Nikachimba haraka, kwa sababu mama yule alikuwa amebakiza aproni moja. Nikatokea chini ya kitanda changu mwenyewe, kichwa kikagonga mbao, nikaamka.

Kumekucha. Mgongo wangu umenyooka vizuri sana, kama ulivyonyooka kila asubuhi tangu Jumanne. Nikavaa sare, nikaenda mstarini. Mama Sekela alikuwa amesimama pembeni ya mlingoti wa bendera, na mfuko wa salfeti miguuni.

"Kabla mama huyu hajaondoka," mkuu wa shule akasema, "aliyeandika ile habari anyooshe mkono tumpongeze."

Nikanyoosha. Nikanyoosha juu kabisa, kama inavyompasa mshindi.

Mkuu akanisogelea, akavaa miwani.

"Ambakisye. Chini ya godoro kuna nini?"

Nikaushusha mkono nikautazama. Kiganjani, wino mwekundu, mwandiko safi kuliko wangu: chini ya godoro.

Mama Sekela alikuwa ameshaokota mfuko wake.

"Kuna mwiko, mwalimu," nikasema. "Mama hajauza kitu. Niliuficha mimi. Wiki hii gazeti halikuwa na habari."

Watu mia nne waliokunywa uji siku tatu walikuwa wananitazama.

Mama Sekela akauweka mfuko chini, akatoa aproni moja, akajifunga.

"Kaulete," akaniambia. "Na uusugue kwanza. Umeulalia."