Jiwe Halikutupwa

Lukresia wa kijiji cha Maguu alinisimulia haya msimu uliopita, tukichambua kahawa uani kwangu.

Maumivu yalimkamata kiunoni, yakashuka kinenani, mpaka akawa anatambaa. Hospitalini daktari akamwambia, "Mama, una mawe kwenye figo." Xavery, mumewe, hakungoja mengine. Alitoka nje akifoka, "Nani amemtupia mke wangu mawe?"

Lukresia ndiye aliyebaki kusikiliza. Mengi huwa ya chokaa, daktari alisema. Yapo ya asidi, yapo yanayoletwa na maambukizi, na mengine, adimu, ya kurithi. Anywe maji kwa wingi, akojolee kwenye kitambaa safi, na jiwe likitoka alilete lipimwe ni la aina gani.

Jioni Xavery akaleta mganga kutoka ziwani. Mganga akaweka pembe mgongoni mwa mgonjwa, akanyonya, akatema kijiwe. "Katupa mjane wa uani."

Mjane wa uani ni Gaudiosa, aliyeachwa na marehemu mdogo wake Xavery. Alikuwa mlangoni na uji wa mgonjwa.

"Ufungashe, shemeji," Xavery akasema.

"Hafungashi mtu hapa!" Lukresia alijiinua kwa kushika ukuta. "Baba Victor, kiuno ni changu, si chako. Gaudiosa, lete uji. Na maji, ndoo nzima."

"Utakufa kwa ubishi," mganga akasema.

"Nife nimeshiba maji."

Akanywa, akakojoa, akanywa tena. Kila safari ya msalani Gaudiosa alimshika mkono, kitambaa begani. Jumapili, watu wakirudi misani, ukelele ukatoka msalani hata majirani wakasimama. Lukresia akatokea anatiririka jasho, kitambaa kiganjani.

Akaweka mawe mawili juu ya kinu kilichopinduliwa. La mganga laini, limeviringana. Lake dogo kama punje ya mtama, la kahawia, limejaa miiba.

"Baba Victor, wewe umewahi kuvua ziwani, kule Mbamba Bay. Hili laini umeliona wapi?"

Xavery akaligeuza. "Ufukweni," akasema kwa sauti ndogo. "Mawimbi ndiyo hulainisha hivi."

"Basi ziwa zima limepita kwenye figo yangu!"

Majirani wakaangua kicheko. Mganga alikwisha kupanda bodaboda zamani. Xavery akalikuta mlangoni furushi la Gaudiosa, alilolifunga kwa hofu, akalibeba mwenyewe kulirudisha ndani. "Shemeji, nisamehe. Ukae."

Usiku ulipoingia, Xavery alitangulia kulala, na aibu yake. Gaudiosa akafuata, mlango wake wazi bila hofu. Lukresia akafunga jiwe lake kwenye karatasi ili alipeleke hospitali likapimwe, akanywa kikombe cha mwisho, akajinyoosha chali, na usingizi ukamchukua.